Sakafu gani kwa nyumba gani? Namna ya kugawa mifuko 40 ya simenti katika koperative



Kila mwaka mvua zikikaribia kuisha, maombi ya simenti yanaanza kutufikia. Barua nyingi zinafanana: koperative inaomba mifuko 30, 40 ao 50 kwa ajili ya sakafu. Tukiuliza sakafu ya nyumba gani, tunajibiwa, "ya nyumba yetu." Tukiuliza ndani ya hiyo nyumba kutafanyika kazi gani, watu wanaangaliana kwanza. Ndiyo sababu somo la mara hii tumeliweka juu ya sakafu, ao pavema kama wengine wanavyosema. Hapa Lubondja mfuko wa simenti si kitu kidogo. Unafika Baraka, halafu unapanda huku kwa barabara ambayo mvua ikinyesha gari linaweza kulala njiani, na kila kilometre inaongeza bei. Mfuko ukimwagwa mahali pasipofaa, hatuwezi kuurudisha.

Tuanze na kitu tulichokiona kwa macho yetu. Koperative moja, jina tunaliacha, ilijenga depo nzuri: ukuta wa tofali za kuchoma, mabati mapya, na sakafu laini inayong'aa, mtu angeweza kujiona ndani yake. Walipanga magunia ya mahindi moja kwa moja juu ya simenti, mpaka karibu na paa. Miezi miwili baadaye walianza kuuza. Magunia ya juu yalikuwa safi. Walipofika safu ya mwisho, gunia lilikuwa limeshika sakafuni, na lilipovutwa likapasuka. Mahindi ndani yake yalishikamana kama mkate, mengine ya kijani, mengine meusi. Watu walianza kulaumu mabati. Tukapanda kuangalia: hakuna tundu hata moja. Maji hayakutoka juu, yalitoka chini.

Simenti, hata ikiwa laini namna gani, inanyonya maji. Mufanye jaribio dogo nyumbani: chukueni kipande cha tofali kikavu, mukisimamishe ndani ya sahani yenye maji kidogo. Baada ya muda maji yanapanda yenyewe juu ya tofali. Sakafu iliyomwagwa juu ya udongo inafanya vilevile. Wakati wa mvua udongo umeshiba, maji yanapanda polepole ndani ya simenti, na mahali pasipo na gunia yanatoka kama hewa, hakuna anayeona kitu. Chini ya gunia hewa haipiti, basi maji yanaingia ndani ya mahindi.

Kama muko na depo tayari na hamujui sakafu yake iko namna gani, kuna kipimo kisichoomba feza. Chukueni kipande cha plastiki cha metre moja kwa metre moja, mukitandike sakafuni jioni, mukandamize pembe zote kwa udongo wa kukanda ili hewa isipite. Mukifunue kesho yake jioni. Matone ya maji chini ya plastiki, ao simenti iliyogeuka rangi nyeusi, yanaonyesha kwamba sakafu yenu inanyonya. Mufanye hivyo katikati ya mvua, mwezi wa kumi na mbili ao wa tatu. Katika jua la mwezi wa saba kila sakafu inaonekana kavu.

Depo

Sakafu ya depo inatengenezwa chini zaidi kuliko juu. Kwanza ondoeni udongo mweusi wa juu wenye mizizi. Halafu mwage mawe na kokoto kubwa bila udongo ndani yake, unene wa sentimetri 15, mukandamize vizuri. Hayo mawe yana kazi: kati yao kuna nafasi tupu, na maji hayawezi kurukia nafasi tupu kama yanavyopanda ndani ya udongo. Juu ya mawe nyunyizeni mchanga kidogo, usiotoboa plastiki. Juu ya mchanga tandikeni shitingi ao plastiki nene, kila kipande kipande juu ya kingine kwa sentimetri 30, na pembezoni muikunje ipande kidogo ukutani. Hapo sasa ndipo simenti inakuja. Sakafu nzima iwe juu kuliko udongo wa nje kwa sentimetri 20 ao 30, na nje pawe mfereji wa kupeleka mbali maji ya paa.

Masoni wengine watawaambia plastiki ni kupoteza feza. Tunawaheshimu masoni, wanajua kazi yao. Lakini wengi wamejifunza kujenga nyumba za kukaa watu, na mtu akilala juu ya kitanda haozi. Gunia linaoza. Mwambieni kwa upole kwamba bila plastiki kazi haianzi.

Na bado, hata mukifanya yote hayo, gunia lisikae juu ya simenti. Mutengeneze vitanda vya mbao ao vya miti iliyonyooka, urefu wa sentimetri 10 mpaka 15 toka chini, na muache nafasi ya kama nusu metre kati ya magunia na ukuta, mtu apite na kuchunguza panya na mchwa. Kule kwenye ile depo tuliyoitaja, vitanda vya miti ya porini vingeokoa safu yote ya chini bila mfuko hata mmoja wa simenti.

Hesabu ya mifuko 40

Hapa tunaomba muchukue karatasi. Tuseme depo yenu ni metre 6 kwa metre 8, ni metre 48 za mraba. Simenti ya unene wa sentimetri 8 inakuwa karibu metre kibu 3 na sehemu 8. Mchanganyiko tunaoshauri ni moja, mbili, nne: simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 unajaza kama litri 35. Basi kwa mfuko mmoja mutapima bidoni 3 na nusu za mchanga na bidoni 7 za kokoto, bidoni zile za litri 20 zilizokatwa juu. Maji ni kama bidoni moja na robo, na yapungue kama mchanga umeloa. Fundi atataka kuongeza maji ili kazi iwe nyepesi. Mukatae: maji yakizidi, yakikauka yanaacha matundu madogo, na sakafu inakuwa dhaifu. Kwa hesabu hiyo depo inakula mifuko 25 hivi.

Desturi ya kwetu ni kungoja hiyo simenti ikauke, halafu kurudia juu yake tabaka nyembamba ya mchanga na simenti ili sakafu iwe laini. Kwa depo hii ile tabaka ya sentimetri 2 inakula mifuko 7 ao 8. Tena masoni wanapenda kunyunyiza simenti kavu juu na kuisugua mpaka ing'ae. Ile tabaka nyembamba, kama ya chini ilikwisha kukauka na haikusafishwa vizuri, haishiki. Baada ya mwaka mmoja ukigonga kwa fimbo inalia kama ngoma, halafu inamenyuka, na ndani ya mipasuko vidudu vya mahindi wanapata nyumba. Kwa depo haina faida. Laini inaweza kupatikana siku ile ile: simenti ikimwagwa, inavutwa kwa ubao ulionyooka, inasuguliwa kwa ubao mdogo, na inapoanza kukaza, wakati ukikanyaga unaacha alama ndogo tu, inapitishwa mwiko wa chuma. Ni kitu kimoja toka chini mpaka juu, hakina cha kumenyuka.

Sasa angalieni. Kwa mifuko 40, mukifanya depo ya kung'aa munabaki na mifuko 7 tu, ambayo haitoshi kazi nyingine kubwa. Mara nyingi inaishia katika ofisi ya komite. Tumeona ofisi yenye karo chini na mahindi ya wanamemba yakianikwa juu ya udongo mlangoni pake. Wenyeji walicheka tulipowaonyesha, lakini ni kicheko cha aibu. Mukiacha ile tabaka ya juu munabaki na mifuko 15, na hiyo inatosha uwanja wa kuanikia wa metre 5 kwa metre 6, unene uleule wa sentimetri 8.

Uwanja wa kuanikia

Kwa maoni yetu uwanja ndio wa kwanza hata kabla ya depo. Depo haikaushi kitu, inalinda tu kile kilichoingia kikavu. Mahindi yakiingia na maji ndani yake yataoza hata juu ya vitanda, hata juu ya plastiki.

Na kuoza si hasara ya bei peke yake. Kuna ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zenye unyevu, unaoacha sumu inayoitwa aflatoksini. Haina harufu, haiishi kwa kupika bugali, na kwa macho si rahisi kuitambua. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua maini kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 125 walikufa. Yalikuwa mahindi ya watu wenyewe, ya mashamba yao na masoko yao, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Huku kwetu mavuno ya msimu A yanakuja mwezi wa kwanza na wa pili, mvua ikiwa bado iko juu. Tunaanika kando ya barabara, juu ya udongo, tukiangalia mawingu. Udongo wa chini unarudisha unyevu ule jua linaotoa juu, na ukungu wenyewe unaishi ndani ya udongo.

Sakafu ya uwanja si sawa na ya depo. Haihitaji plastiki chini, juu ya jua inatosha kuikausha, lakini tabaka ya mawe lazima iwepo. Inahitaji mteremko: sentimetri 1 mpaka 2 kwa kila metre, kutoka katikati kwenda pembeni, ili mvua ikipita ghafla maji yasisimame. Sakafu laini ya kung'aa hapa ni hatari kwa mama aliyebeba beseni kichwani na simenti imeloa. Isuguliwe kwa ubao tu, isipitishwe mwiko wa chuma. Ufagio unapita vizuri na mguu hautelezi. Lakini musichore mistari kwa ufagio mgumu kama wengine wanavyofanya, mpunga unaingia katika mistari na hautoki.

Tena uwanja unapanuka jua likiwaka na kujikunja usiku. Ukimwagwa kama kitu kimoja utajipasua wenyewe mahali unapotaka. Mugawe ule wa metre 5 kwa 6 kuwa vipande vinne, kila kimoja metre 2 na nusu kwa 3. Mumwage viwili vinavyotazamana pembe kwa pembe kwanza, viwili vinavyobaki siku zinazofuata. Nafasi ndogo kati yao mujaze lami iliyochanganywa na mchanga, ili punje zisipotee humo. Na mujenge uzio. Mbuzi wa jirani hajui kwamba uwanja ni wa koperative.

Mukitandika mahindi yaliyopukuchuliwa kwa unene wa sentimetri 4, uwanja huo unabeba karibu kilo 800 kwa mara moja. Yageuzwe kila nusu saa. Mahindi yanaingia depo yakiwa na maji kama 13 kwa 100, mpunga 14, karanga zilizomenywa 7 tu. Asiye na mashine ya kupima atumie chumvi: chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mutie chumvi kavu kidogo na punje za mahindi mpaka robo ya chupa, mutikise dakika chache, mungoje robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji zaidi ya 15 kwa 100, yarudi juani. Ikianguka chini yote, mumekaribia. Chupa hii inamkatalia hata mkubwa wa komite anayetaka gunia lake lipite.

Wasio na simenti kabisa waanike juu ya shitingi iliyotandikwa juu ya kitanda cha matete, si chini. Ni kazi zaidi, lakini inasaidia.

Mashine, mawese na wanyama

Nyumba ya mashine ya kusaga inataka sakafu ya kufagiliwa vizuri, sababu unga uliobaki katika mipasuko unalisha vidudu na panya. Mota isikae juu ya sakafu yenyewe. Muimwagie jiwe lake la simenti, nene, lililotengana na sakafu, kama hamutaki mtetemo upasue nyumba nzima. Chini ya mota weka sahani ya mchanga kwa mafuta yanayotiririka.

Mahali pa kukamulia mawese ni jambo lingine, na wengi wanashangaa tukiwaambia kwamba mawese yanakula simenti. Yana asidi, polepole inalainisha sakafu mpaka kokoto zinatokea nje. Maji ya muhogo uliolowekwa yanafanya vilevile. Hapo simenti ya kawaida haikai miaka mingi, na musiimwage mukidhani ni ya kudumu. Afadhali mawe bapa ya mtoni, yaliyopangwa karibu karibu, nafasi kati yao zikijazwa simenti kali ya moja kwa tatu, na mteremko wa kutosha kuelekea shimo nje. Zile nafasi zikiliwa, mutarudia zile tu. Sakafu ioshwe kwa maji ya moto na majivu kila jioni.

Mbuzi hawahitaji simenti. Kitanda cha miti, metre moja toka chini, mavi yanaanguka na munayaokota kwa ajili ya shamba. Nguruwe wanahitaji simenti, lakini ya kukwaruza, iliyopitishwa ufagio mgumu ikiwa bado mbichi, na mteremko wa sentimetri 3 kwa metre. Juu ya sakafu laini nguruwe anateleza, na jike mwenye mimba akianguka ni hasara. Kuku watandikiwe maganda ya mpunga juu ya udongo uliokandamizwa. Tusiwapotezee simenti.

Kituo cha afya

Mara nyingine koperative inaombwa kuchangia kituo cha afya ao nyumba ya kuzalia. Hapo ndipo ile tabaka laini ya juu inalipa bei yake. Kipindupindu tunakijua vizuri katika Fizi na Baraka, na sakafu ya mgonjwa wa kipindupindu inaoshwa kwa maji ya klorini mara nyingi kwa siku. Kila mpasuko unahifadhi uchafu. Simenti iwe laini, pembe kati ya sakafu na ukuta ziwe za mviringo ili kitambaa kipite, na maji yaelekee kwenye tundu moja linalokwenda shimoni, si nje barabarani. Tabaka ya juu imwagwe mapema, siku inayofuata ya chini, ikiwa bado na unyevu, ndipo inashika.

Nyumbani

Mama mmoja alituuliza katika mkutano: "Mahindi yanapata simenti, na watoto wangu je?" Lilikuwa swali la haki. Funza wanaoingia miguuni wanapenda udongo mkavu wa vumbi ndani ya nyumba. Si wadudu wa kwetu tangu zamani. Walifika Afrika kwa meli iliyotoka Brazil na kutia nanga Angola mwaka 1872, wakapita Kongo na misafara mpaka maziwa yetu. Na funza si peke yao. Huko Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kubadilisha sakafu za udongo kuwa za simenti katika nyumba za maskini. Watafiti walikuta kwamba mahali nyumba nzima ilitiwa simenti, minyoo ya watoto ilipungua kwa 78 kwa 100 hivi, na kuhara kwa karibu nusu.

Chumba cha kulala cha metre 3 kwa 3, kwa unene wa sentimetri 6, kinakula mifuko 3 na nusu. Asiyeweza nyumba nzima aanze na chumba cha watoto. Tunajua wanamemba wanaoweka mfuko mmoja kila mavuno kupitia kikundi chao cha kuwekesha feza. Mfuko wenyewe usikae nyumbani miezi, unaganda, feza ndiyo ikae.

Njia nyingine iko kwa majirani zetu wa Rwanda. Shirika linaloitwa EarthEnable linatengeneza huko sakafu za udongo bila simenti: udongo mwekundu na kokoto vinakandamizwa kwa nguvu, juu yake tabaka nyembamba ya udongo laini, inakauka kabisa, halafu inamwagiwa mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo yakipata hewa yanakuwa magumu kama rangi, na sakafu inaoshwa kwa maji. Tunaomba sana: musijaribu na mawese. Wawili watatu walishajaribu. Mawese hayakauki, na mafuta ya karanga vilevile. Yanabaki yananata, yanaita siafu na panya. Lakini nusu ya kwanza ya kazi munaiweza leo bila mafuta. Udongo mwekundu wenye kokoto, uliolowanishwa kidogo na kupigwa kwa gogo zito tabaka kwa tabaka, hautoi vumbi kama ule wa kawaida, na ukipakwa upya kila mwezi funza wanapungua.

Kabla ya kupakia

Sakafu yoyote ya simenti inakaza kwa maji, haikazi kwa jua. Jioni ya siku ile ile ifunikeni kwa majani ao magunia yaliyoloa, na mumwagie maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Upepo wa mwezi wa saba unakausha haraka, na simenti iliyokauka kabla ya kukaza inatoa vumbi maisha yake yote. Chagueni majina ya wanaomwagia, siku kwa siku, kabla fundi hajaanza. Halafu mungoje wiki nne kabla ya kuweka gunia la kwanza, sababu simenti mpya inatoa maji yake yenyewe; ile plastiki ya metre moja itawaambia kama imemaliza. Anayemwaga mwezi wa saba ao mwanzo wa mwezi wa nane atakuwa na uwanja na depo tayari kabla ya mvua ya mwezi wa tisa. Kwa hiyo mchanga na mawe vianze kukusanywa mwezi wa sita, kila mwanamemba bidoni zake. Mchanga wenyewe mupime kwanza ndani ya chupa na maji: mukitikisa na kuacha mpaka kesho, tope inayokaa juu ya mchanga ikipita sehemu moja juu ya kumi, uoshwe mtoni ao mutafute mwingine.